Kaburi Lililobaki Ukingoni mwa Ruvu

Kwenye ukingo wa mto Ruvu, mahali ambapo maji yanapinda kama kiwiko kabla ya kuifikia mikoko, limebaki kaburi moja la mtoto, na kuna wanawake wawili ambao kila mmoja anaweza kuwa mama yake. Nililipima kwa hatua zangu mwenyewe. Kutoka jiwe la kichwani hadi pale ardhi inapokatika zilikuwa hatua saba. Kesho yake asubuhi zilikuwa sita na kidogo.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo mnaloniuliza. Tangu nirudi mnasema mtu aliyekwenda kupumzika mtoni hawezi kurudi na uso wa aliyetoka msibani. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nimpe mwanzo na yule nimpe mwisho, kwa hiyo nawaandikia wote kwa pamoja, hatua kwa hatua. Habari za kutafuta mtumbwi na vibali naziruka.

Tegeta hadi darajani

Mnajua kwamba kwa miaka mingi niliandika habari za mahakamani. Nilipoacha, nilitaka kukaa siku chache mahali ambapo hakuna mtu anayeulizwa maswali. Mmoja wenu, simtaji, ndiye aliyenishauri nishuke Ruvu ya chini kwa mtumbwi mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua za vuli hazijaanza, maji yakiwa yametulia. "Kazi yako itakuwa kutazama ndege," alisema. "Ukifika Bagamoyo, kula samaki urudi."

Niliondoka Tegeta alfajiri. Kerege tulikaa karibu saa nzima. Abiria mmoja alishuka kununua korosho, akaanza kubishana na muuzaji kwa ukali hata tukadhani watapigana, kumbe yule muuzaji ni shemeji yake. Walipotambuana ikabidi waulizane habari za ukoo mzima, walio hai na waliokufa. Dereva alipiga honi. Shemeji akamjibu, "Wewe huna wakwe?" Gari zima likacheka, na dereva akazima injini.

Bagamoyo nilipata nafasi kwenye pikapu iliyokuwa imeleta mananasi kutoka Kiwangwa na sasa ilikuwa inarudi tupu. Ndani yake, kiti cha mbele, alikuwa ameketi Bi Nasra. Shabani, mwenye mtumbwi, alikuwa ameniambia kwa simu kwamba kutakuwa na mama mwingine wa kushuka naye. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, wa familia zile zenye asili ya Omani zinazouza vitambaa mjini. Alivaa buibui safi, na chini yake mabuti ya mpira ya kijani, kama ya mkulima wa mpunga. Mapajani alikuwa na furushi lililoviringishwa kwenye mkeka mdogo mpya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayekwenda kutembea?"

"Ndiyo. Nawe je?"

"Nakwenda kuangalia shamba."

Furushi lilinukia karafuu maiti. Kwetu tunaiweka kabatini kuzuia wadudu, nami nikadhani ni hivyo hivyo. Niliandika kwenye daftari: mama muuza nguo, anapeleka bidhaa mashambani. Naliacha kosa hilo kama lilivyo, mjue nilianza safari nikiwa sijui kitu.

Darajani hadi kwa viboko

Shabani alikuwa anatungoja chini ya daraja la barabara ya Msata. Ni mkulima wa mpunga, ana miaka thelathini na kitu, mwembamba, msemaji. Alimwamkia Bi Nasra kwa kuinama, akampokea mkono mmoja kumwingiza mtumbwini, lakini furushi hakuligusa. Alimkalisha katikati juu ya gunia la majani makavu. Mimi akaniweka mbele, akanipa kafi.

"Umewahi kupiga kafi, dada?"

"Nimeona kwenye televisheni."

"Basi leo televisheni italowa."

Kwa saa nzima ya kwanza nilikuwa ninatuzungusha. Shabani alisahihisha kwa upole, kisha bila upole. "Dada, hilo ni kafi, si mwiko. Hukorogi uji." Bi Nasra alitabasamu kidogo, mara moja tu, akageuka kutazama maji.

Ruvu hapo chini ni mto wa kahawia, mzito, usio na haraka. Unajipinda hata daraja ulilolipa mgongo linakutokea tena upande wa kulia. Kando zake ni udongo mweusi uliokatika wima, na kwenye kila pindo utaona mizizi inaning'inia hewani kwa sababu ardhi iliyoishika imekwenda zake. Niliona migomba iliyoinamia maji, nusu ya uzio, na choo ambacho mlango wake ulifunguka moja kwa moja mtoni.

"Mwenyewe aliingia humo usiku mmoja akatoka amelowa," alisema Shabani. "Mpaka leo anaitwa Mzamiaji."

Nilicheka. Bi Nasra aliuliza, "Kwenu mto umefika wapi?"

"Umekuja, Bi Nasra. Utaona mwenyewe."

Kwenye pindo la tatu tukakuta viboko wanane katikati ya njia. Shabani alirudisha mtumbwi polepole, akaufunga kwenye mzizi. Alisema tusubiri. Kiboko hafukuzwi wala habembelezwi, unangoja achoke kukutazama. Tulingoja hadi baada ya adhuhuri. Bi Nasra alisali akiwa ameketi, kisha akafungua kapu: mkate wa kumimina, tende, na chupa ya kahawa yenye tangawizi. Shabani alitoa mihogo ya kuchoma na nanasi, akalikata kwa panga lile lile alilofungulia njia. Tulikula vizuri. Ilikuwa ndiyo saa ya mwisho ya ile safari niliyoshauriwa.

Nilimwambia Bi Nasra aweke furushi chini apumzishe miguu.

"Hili halikai chini."

"Una nguo gani humo?"

"Nguo moja tu," alisema. "Bafta."

Kisha akanieleza, macho yake yakiwa kwa wale viboko. Miaka thelathini iliyopita yeye na mumewe walikuwa na shamba kwenye pindo la mbele, wakililima pamoja na wazazi wa Shabani. Masika moja maji yalikata njia ya mjini, na surua ikaingia. Mtoto wake Nassor, wa miaka sita, alikufa. Kabla juma halijaisha akafa Mwajuma, binti wa Bi Tatu, mama yake Shabani. Haikuwezekana kuwapeleka popote. Walizikwa ubavu kwa ubavu kwenye ardhi ya shamba, mbali na mto. Wakati ule mto ulikuwa mbali.

"Mwajuma ni dada yangu," Shabani aliongeza. "Mimi nilikuwa mgongoni. Simkumbuki."

Mume wa Bi Nasra alikwishafariki. Shamba lilibaki kwa Bi Tatu, naye ndiye aliyekuwa akipalilia makaburi kila mwaka mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo. Mwaka huu Shabani alipiga simu kusema mto umekaribia. Bi Nasra akamwendea shehe, akaambiwa kaburi linaloogopewa kuchukuliwa na maji linaweza kuhamishwa, hiyo ni dharura. Lakini shehe alimpa sharti: ajue anayemfukua ni nani.

"Nikamwambia nitashindwaje kujua? Jiwe lake lipo. Tatu ananiambia kila mwaka."

Aligusa furushi. "Nimekata sanda kwa kipimo chake. Miaka sita. Nilipomaliza nikafikiri, sasa ni mifupa, kipimo cha nini? Lakini mkono haukujua kukata kipimo kingine."

Viboko walizama mmoja mmoja. Shabani alifungua kamba bila kusema neno. Nilidhani ananyamaza kwa heshima.

Kwa Bi Tatu

Tulifika alasiri. Nyumba ya Bi Tatu ipo juu ya mwinuko, katikati ya minazi michache, na shamba linateremka hadi mtoni. Alikuja kutupokea akiwa na kanga mbili na kisu mkononi, alikuwa anapasua samaki. Ni wa umri mmoja na Bi Nasra lakini jua limemzeesha zaidi. Walishikana mikono, wakashikana mabega, kisha Bi Tatu akalitazama furushi na kuliachia bega la mwenzake.

"Karibu, Nasra. Umechoka. Uje ule."

"Twende kwanza nikamwone."

"Hawezi mgeni kufika akaenda makaburini na njaa. Utaniaibisha."

Tulikula ugali wa muhogo na kambale wa mchuzi wa nazi. Tulipomaliza, Bi Tatu alileta maji ya kunawa, kisha chai, kisha akakumbuka kwamba ana ndizi mbivu. Bi Nasra alipoinuka, akaambiwa asubiri jua lipoe. Nimekaa mahakamani miaka mingi, nimeona mashahidi wanaoomba maji ya kunywa kabla ya kila jibu. Nilimtazama Shabani. Alikuwa anachora ardhi kwa kijiti.

Mwishowe tukashuka.

Udongo wa pale ni mweusi na hauna jiwe hata la kuponda pilipili. Ndiyo maana mawe mawili ya matumbawe, meupe, moja kichwani na moja miguuni, yalionekana tangu mbali. Mume wa Bi Nasra aliyaleta kutoka Bagamoyo mwaka ule ule, maji yalipopungua. Mwajuma aliwekewa kipande cha mti. Kaburi tulilolikuta lilikuwa limepaliliwa vizuri, na pembeni yake kuelekea mtoni palikuwa na nyasi tupu, kisha mkatiko, kisha maji.

Bi Nasra alipiga goti. Akasoma Fatiha, akayapapasa mawe yote mawili. Kisha akauliza, "Na Mwajuma?"

"Alikwenda na mto," alisema Bi Tatu. "Mwaka ule wa mafuriko makubwa. Nilikwambia."

"Uliniambia. Mungu amrehemu."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilikuwa nimeona kitu, na kwa mazoea nikakisema. Lile jiwe la kichwani lilikuwa na mstari wa tope la zamani nusu ya kimo chake, lakini sasa lilikuwa limezama ardhini vidole vinne tu. Liliwahi kung'oka, likasimamishwa upya.

"Bi Tatu," nikauliza, "mawe haya yamekaa hapa hapa tangu siku ya maziko?"

"Dada," Shabani alisema taratibu.

Bi Tatu hakunijibu mimi. Alimjibu mwenzake.

"Tulihama, Nasra. Maji yalipoingia tulikaa kule juu barabarani siku tano. Niliporudi, ukingo ulikuwa umesogea, ule mkwaju haupo, kila mahali tope limelala kama godoro. Nikatafuta mashimo mawili. Nikaona shimo moja lililobonyea. Moja tu. Mti wa Mwajuma haupo. Mawe yako niliyakuta huko chini, kwenye tope la majini."

"Mawe yalikuwa chini?"

"Yalikuwa majini. Nikayabeba. Nikasema kaburi lisikae bila jiwe. Nikayasimamisha hapa."

"Hapa pa nani?"

"Sijui."

Bi Nasra aliinuka. Alikuwa na udongo magotini na hakuupangusa.

"Kila mwaka nakuuliza. Unaniambia, mtoto wako yupo."

"Jiwe lake lilikuwepo."

"Hukusema jiwe, Tatu. Ulisema mtoto."

"Mmoja yupo!" Sauti ya Bi Tatu ilipasuka. "Mmoja yupo, mmoja hayupo. Ningekwambia hivyo kwenye simu? Wewe uko mjini, unalala peke yako na mumeo amekufa. Nikasema, basi mmoja wetu alale usingizi. Awe wewe. Mimi nikajihesabu niliyepoteza."

"Na wewe ulijuaje kuwa wako ndiye aliyekwenda?"

"Sikujua. Ningejua, si ungelikuta limejaa magugu?"

Kisha mimi, ambaye nilipaswa kunyamaza, nikasema kwamba siku hizi kuna vipimo vya vinasaba, hata mfupa mdogo unatosha kuonyesha mtoto ni wa nani. Nilifikiri nawasaidia. Bi Tatu alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tushuke.

"Wakipima wakasema si wangu, mimi nitabaki na nini?"

Bi Nasra alisema, "Hapimwi mtu."

Walikaa chini wote wawili, kaburi likiwa katikati yao. Mimi na Shabani tulisogea mbali kidogo, lakini si mbali kiasi cha kutosikia. Walizungumza kama watu wanaogawana kazi. Walikubaliana kwamba hawatampeleka mjini kama Bi Nasra alivyokusudia. Watamhamishia kwenye mwinuko, karibu na minazi, na jina halitaandikwa. Sanda iliyokatwa itatumika, awe wa kiume au wa kike, na wote wawili watasimama kama mama. Shehe ataulizwa tena kama kujua kwamba ni mmoja kati ya wawili ni kujua kunakotosha. Bi Nasra alisema hilo ataulizia yeye.

Kisha Bi Tatu akasema, "Lakini Hamisi."

Hamisi ni mwanawe mkubwa, anaziba magurudumu ya malori Chalinze. Baba yao alikwishafariki, kwa hiyo neno la ukoo ni lake. Bila idhini yake hakuna jirani atakayeshika jembe, na makaburi ya watoto wa watu wawili hayafukuliwi na mama pekee. Ili kupata mtandao ilibidi tupande kichuguu nyuma ya nyumba. Shabani aliiweka simu kwa sauti ya wazi.

"Nani amekuja na sanda?" Hamisi aliuliza. Nyuma yake malori yalikuwa yananguruma.

"Bi Nasra. Mama yake Nassor."

"Shikamoo, Bi Nasra."

"Marahaba, baba."

"Bi Nasra, mimi nilikuwa na miaka kumi. Niliwabebea maji hao watoto walipokuwa wanaumwa. Baba aliusia wasitenganishwe, ulikuwepo ukasikia. Sasa mmoja yuko majini. Mnamtoa huyu mnampeleka juu, yule mnamwacha na nani?"

Bi Tatu akasema, "Mwanangu, mto unakuja."

"Najua mto unakuja. Labda unamfuata mwenzake. Msiguse, mama. Nakuja mwenyewe. Mkimfukua kabla sijafika, mimi hamtaniona tena hapo."

Simu ikakatika. Sijui kama aliikata au ni mtandao. Bi Nasra alishuka kutoka kwenye kichuguu akiwa ameshikwa mkono na Bi Tatu. Hakuna aliyemlaani Hamisi. Nadhani wote wawili walikuwa wanayapima aliyosema.

Kutoka kwa Bi Tatu hadi kwenye chumvi

Asubuhi nilipima hatua tena, nikawaambia. Bi Nasra alisema anabaki. Alinipa ujumbe kwa mwanawe Suleimani aliye dukani: mwambie niko salama, asinifuate, nitarudi jambo likiisha. Alikuwa amefunga kanga ya Bi Tatu juu ya buibui na walikuwa wanachambua mchele kwenye ungo mmoja. Wakati wa kuagana Bi Tatu alinifungia ndizi. Sikustahili ndizi zile, lakini kuzikataa kungekuwa kosa la pili.

Tulipiga kafi kimya. Sasa nilikuwa nimejua kunyoosha mtumbwi na hakukuwa na wa kunisifu. Mbingu upande wa milima ya Uluguru ilikuwa imejikunja, nyeusi, ingawa juu yetu jua liliwaka. Shabani alichota maji kiganjani, akayatazama, akayamwaga.

"Yamebadilika?" nikauliza.

"Bado."

Karibu na saa sita udongo ukageuka kijivu, mikoko ikaanza, na hewa ikawa na harufu ya bahari iliyolala. Tulisimama kwenye mabwawa ya chumvi kupumzika. Wanaume wawili na mwanamke mmoja walikuwa wanakwangua chumvi na kuirundika kwenye vichuguu vidogo vyeupe. Niliwasalimu, nikafungua daftari. Wote watatu wakaacha kazi.

"Mmekuja kupima?" aliuliza yule mwanamke.

"Hapana, mama, mimi ni msafiri tu."

"Msafiri na kalamu? Mwaka jana walikuja wasafiri wawili na kamba ndefu."

"Sina kamba."

"Mkague," akamwambia mwenzake, na wakacheka, lakini si kwa furaha. Nilieleza tena. Mwishowe yule mwanamke alisema, "Haya, andika: hatuondoki. Andika na jina langu usiweke." Nimeandika. Walitupa chai ya rangi yenye hiliki na samaki mkavu wa kutafuna njiani, na tulipokuwa tunaondoka bado walikuwa wanatazama kama nitatoa kamba.

Mlango wa mto hadi Bagamoyo

Tulifika karibu na mlango wa mto maji yakiwa yanapwa, na hapo ndipo tulipokwama. Mtumbwi uliketi kwenye tope kama kuku juu ya mayai. Kushuka hakuwezekani, tope linameza hadi kiunoni. Tulikaa muda wa saa nne. Kaa wekundu walitoka kwenye matundu yao kututazama, na kila tulipojigeuza walirudi ndani wote kwa pamoja.

Shabani ndiye aliyeanza.

"Swali lile, dada. Ungeliuliza nyumbani. Mbele ya kaburi si pahali pake."

Nikamwambia ana haki. Nikamwomba radhi.

"Mimi nilijua," akasema. "Nyumbani sote tunajua. Mama alituambia siku nyingi."

"Sasa mbona hukumwambia darajani? Amebeba sanda safari nzima."

"Ningemwambia, asingepanda mtumbwi. Na Mama alitaka aje. Alisema mto ukimaliza kazi yake kabla hajasema, atakwenda na neno hilo mwenyewe kaburini. Lakini alipomwona, maneno yakamwishia. Mimi nilikuwa nangoja aseme. Ukasema wewe."

"Wewe unadhani ni nani yumo?"

Alibandua tope kavu kwenye kafi kwa ukucha, muda mrefu.

"Mimi nimelipalilia tangu nikiwa mdogo," alisema. "Nilikuwa naambiwa, msalimie mwenyewe. Nikauliza, nimwite kaka au dada? Mama akasema, mwite ndugu. Basi ni ndugu yangu. Sina zaidi."

Maji yalirudi taratibu, kwanza kama ulimi mwembamba kati ya mizizi, kisha yakatunyanyua. Tulitoka mlangoni, tukafuata ufuko kusini, mgongo wangu ukiwa umekufa ganzi. Bagamoyo tulifika jua likiwa chini. Shabani hakutaka kula. Alinunua dawa ya maumivu ya mama yake na betri za tochi, akaniaga pale pale sokoni, ili awahi maji ya kurudia.

Dukani kwa Bi Nasra nilimkuta Suleimani, kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, anakunja majora. Alinisikia nikitamka jina la mama yake, akaacha jora likafunguka hadi sakafuni.

"Amempata?"

Nilitoa ujumbe kama nilivyopewa: yuko salama, usimfuate, atarudi jambo likiisha.

"Lakini amempata?"

Nikamwambia kuna kaburi, na kuna mazungumzo ya wakubwa, na mengine atayasikia kwa mama yake. Nilisikia mwenyewe jinsi jibu lile lilivyokuwa. Suleimani alishika ukingo wa meza.

"Dada, tumeshamchimbia. Jana, pembeni ya baba. Majirani walikuja, tukachimba tukamaliza, tukafunika kwa mbao. Na kaburi halikai wazi, unajua mwenyewe watu wanavyosema, linaita mtu. Nifukie, au nisifukie?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa safari hii, baada ya miaka yote ya kuandika majibu ya wengine. Nilimwambia ampigie mama yake. Alisema tangu asubuhi anapiga. Nikamweleza kuhusu kile kichuguu. Samaki sikula.

Tegeta tena

Nimerudi juma la pili sasa. Shabani hunipigia akipanda kichuguu. Nawapa niliyoambiwa, kwa mpangilio wake.

Shehe amejibu kupitia kwa Suleimani: kama mama wote wawili wameridhiana, na maji yamekaribia, wamhamishe kwa nia ya aliyemo, Mungu anamjua. Suleimani hajafukia. Amemkalisha mtu pale makaburini mchana, yeye mwenyewe hukaa baada ya duka. Bi Nasra bado yuko kwa Bi Tatu, wamefungua ile sanda wakaikunja upya. Hamisi alisema atakuja Ijumaa, hakuja, lori lililokuwa limchukue liliharibika. Akasema Jumapili.

Jana Shabani aliniambia maji yamegeuka mekundu, mvua imeshuka huko juu. Alipima kwa hatua zake, ambazo ni ndefu kuliko zangu, akapata tatu. Majirani wanne wamekaa ukingoni na majembe, lakini hakuna aliyechimba. Bi Nasra aliwaambia waanze. Bi Tatu aliwaambia wamngoje mwanawe.

Leo alfajiri Hamisi aliondoka Chalinze kwa pikipiki. Saa nne alipiga simu kutoka Kiwangwa kusema njia ya ndani imejaa tope, akaiacha pikipiki kwa watu na kuanza kutembea. Sasa ni saa kumi na moja jioni, na hajafika mtoni.